Ramani ya matokeo ya shule Dar es Salaam: namna ya kuitengeneza na kuisoma kabla ya kugawa walimu na madarasa

Matokeo ya Darasa la Saba yakitoka, ofisi nyingi za elimu hufanya jambo lilelile. Orodha inachapwa, shule zinapangwa kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na walimu wakuu wa zile za mkiani wanaitwa kujieleza. Orodha hiyo haikuambii kwamba nne kati ya shule hizo zimo katika kata moja, zote upande mmoja wa bonde, na zote zinasomesha kwa zamu mbili. Ramani inakuambia, tena kwa kutazama tu, hata kama umefanya kazi halmashauri hiyo miaka kumi bila kuligundua jambo hilo.

Ninawaandikia maofisa elimu kata, maofisa takwimu, madiwani, na wazazi wa kamati za shule wenye kompyuta na subira ya jioni mbili tatu. Ramani ninayoizungumzia ni ya kubofya: unaivuta karibu, unagusa nukta ya shule na takwimu zake zinafunguka, unaficha shule binafsi, unageuza mwaka au somo. Kazi yake kubwa ni kukuonyesha pa kwenda kuuliza. Haikupi mkosaji, na ukiisoma kana kwamba inakupa mkosaji, utawaumiza watu wasiostahili.

Anza na swali kwenye karatasi

Kabla hujafungua kompyuta, andika swali moja. "Elimu Temeke ikoje?" si swali la ramani. Hili ni swali la ramani: "Katika kata za Mbagala, Mbagala Kuu na Chamazi, ni shule zipi za serikali ambazo watoto wanarudi nyuma katika Hisabati kati ya Darasa la Nne na la Saba, na kila moja ina walimu wangapi?" Swali la namna hiyo limeshakuchagulia kata, aina ya shule, somo, miaka na rasilimali ya kuangalia. Ukikosa swali, utaishia kuwa na ramani nzuri ya rangi ambayo kila mtu anaisifu na hakuna anayeitumia.

Tazama na kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, lakini halmashauri huanza kuandaa bajeti yake miezi mingi kabla. Mtihani wa Darasa la Saba hufanyika Septemba na matokeo yake hutoka kabla mwaka haujaisha; ya Darasa la Nne, Kidato cha Pili na cha Nne kwa kawaida hutoka Januari. Ramani inayokamilika mwezi wa nne inakuta mafungu yamekwisha gawanywa.

Kusanya takwimu, kisha uziunganishe kwa namba

Unahitaji vitu vinne. Cha kwanza ni matokeo ya kila shule, ambayo Baraza la Mitihani la Tanzania huyaweka wazi kwenye tovuti yake. Ukurasa wa shule ya msingi unakupa idadi ya watahiniwa, wastani wa shule, madaraja kwa wasichana na wavulana, na hali ya kila somo. Cha pili ni takwimu za shule yenyewe: uandikishaji, walimu, madarasa, vyoo, madawati. Hizi hukusanywa na kutolewa na TAMISEMI, na afisa elimu wa halmashauri anazo. Cha tatu ni mipaka ya kata kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu, pamoja na watu wa kila kata kwa Sensa ya 2022, iliyohesabu watu 5,383,728 mkoa mzima wa Dar es Salaam. Cha nne ni mahali shule ilipo, yaani latitudo na longitudo.

Sasa kuunganisha. Tumia namba ya kituo cha mtihani, kamwe usitumie jina. Namba ya shule ya msingi ina herufi PS, kisha tarakimu mbili za mkoa, mbili za halmashauri na tatu za shule. Dar es Salaam ni 02. Majina yanakusaliti. Uhuru Mchanganyiko na Uhuru Wasichana ni shule mbili, na mtu mvivu ataandika "Uhuru" kotekote. Kuna shule zilizogawanywa zikawa A na B. Kuna jina linaloandikwa kwa nafasi katikati kwenye faili moja na bila nafasi kwenye lingine.

Nilijifunza hili kwa aibu. Miaka ya nyuma niliunganisha faili mbili kwa majina, nikapeleka ramani kwenye kikao, na shule mbili zenye majina yanayofanana zikawa zimebadilishana matokeo. Mwalimu mkuu mmoja, mama wa makamo, alisubiri nimalize kuwasilisha, akanyoosha mkono na kusema kwa upole: "Mwanangu, hao watoto unaowasema si wangu." Alikuwa amekuja amejiandaa kueleza matokeo mabaya ambayo hayakuwa yake. Tangu siku hiyo siwasilishi ramani kabla sijachukua shule kumi bila kuchagua na kuzihakiki moja moja dhidi ya ukurasa wa matokeo. Fanya hivyo. Ni nusu saa tu.

Mambo mawili zaidi hapa. Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke, kwa hiyo ukitaka mfululizo wa miaka mingi, tengeneza kwanza jedwali dogo la "namba ya zamani, namba ya sasa" na ulihakiki na mtu wa halmashauri. Na kwa sekondari, kumbuka kwamba GPA ya shule, yaani wastani wa pointi za madaraja, husomwa kinyume na tulivyozoea: A ni pointi 1 na F ni pointi 5, hivyo shule yenye 2.1 imeipita yenye 4.0. Nimeona ramani ambayo shule bora zote zilikuwa nyekundu kwa sababu ya kusahau hilo.

Weka shule mahali pake

Kama halmashauri haina viwianishi vya shule, yaani latitudo na longitudo zake, anzia kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea. Dar es Salaam ina bahati hapa: mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015 kwa ajili ya mafuriko, uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora mitaa, mifereji na majengo kwa undani ambao miji mingi haina. Shule zinazokosekana, mwombe mwalimu mkuu asimame katikati ya uwanja wa shule, afungue ramani kwenye simu au kwenye kishikwambi, abonyeze mahali alipo na kutuma namba mbili zinazotokea.

Namba hizo zikague kwa macho. Kwa Dar es Salaam, latitudo inazunguka -6.5 hadi -7.2, na longitudo 38.9 hadi 39.7. Ukisahau alama ya kutoa, shule ya Tandika itaangukia Ethiopia. Ukibadilisha namba nafasi zake, itaangukia magharibi mwa Hispania. Ukiziacha namba zote mbili zikiwa sifuri, itaelea baharini kwenye Ghuba ya Guinea. Makosa hayo yanaonekana mara moja. La hatari ni kosa dogo, shule iliyosogea mita mia nane ikaingia kata jirani, kwa sababu hesabu za kata zote mbili zitaharibika na hakuna atakayejua.

Jiji letu lina tabia nyingine: shule mbili, wakati mwingine tatu, katika kiwanja kimoja. Nukta zake zinalaliana, unaiona moja tu. Sogeza kila moja mita ishirini au thelathini kwa makusudi, na uandike kwenye faili kwamba umesogeza.

Chagua programu unayoimudu

Hapa sitakaa sana, maana watu hupoteza wiki nzima wakichagua programu. Kwa ramani ya haraka, uMap ni ya bure, inatumia OpenStreetMap, na inakubali faili la CSV (jedwali la maandishi matupu, unaloweza kulihifadhi kutoka Excel) lenye safu za latitudo na longitudo. Google My Maps nayo inafaa, mradi tabaka moja, yaani seti moja ya takwimu unayoiwasha au kuizima juu ya ramani, lisizidi mistari 2,000. Ukitaka kuunganisha majedwali, kukokotoa umbali na kuchuja kwa undani, jifunze QGIS, ambayo ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti. Kiongezi chake kiitwacho qgis2web hugeuza ramani yako kuwa ukurasa wa kufungua kwenye kivinjari, unaoweza kubeba kwenye flashi hadi ofisi ya kata. Ukipima umbali kwa mita, iambie QGIS itumie UTM kanda ya 37 Kusini, mfumo wa ramani unaopima kwa mita. Ukibaki na nyuzi za latitudo na longitudo, namba za umbali hazitakuwa na maana.

Rangi

Tumia nukta kwa shule, usipake rangi kata nzima. Kata za Dar es Salaam hazilingani kabisa kwa ukubwa. Pembamnazi, kule Kigamboni, itajaza jicho kwa sababu ya eneo lake, ilhali Kariakoo yenye msongamano wake itaonekana kama punje. Mtazamaji ataondoka akiamini tatizo la mkoa liko Pembamnazi kwa sababu tu ndiyo aliyoiona. Ukubwa wa nukta uwe idadi ya watahiniwa. Rangi yake iwe kipimo unachokichunguza. Na epuka nyekundu na kijani. Wapo wasioweza kuzitofautisha, na nyekundu kwenye shule ya mtu inasikika kama tusi. Bluu iliyokolea ikififia kuelekea njano inatosha.

Sasa isome, na usiiamini sura yake ya kwanza

Ramani ya kwanza utakayoiona, yenye wastani wa shule zote, itakuonyesha jambo unalolijua tayari: alama za juu Msasani na Upanga na kwenye maeneo ya shule za ada kubwa, alama za chini pembezoni. Hiyo kwa sehemu kubwa ni ramani ya vipato vya wazazi. Ukiishia hapo umechora umaskini na kuuita elimu. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kusoma ni kuchuja umiliki: ficha shule binafsi, tazama za serikali peke yake, kisha rudisha za binafsi uone zimejaa wapi. Mahali ambapo shule binafsi za ada ya chini zimeota nyingi mara nyingi ni mahali ambapo shule ya serikali iko mbali au imefurika. Huo nao ni ujumbe kwa mpangaji.

Hatua ya pili ni watahiniwa, na hapa naomba utulie. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, serikali ilianza kutangaza nafasi za shule za msingi kwa ufaulu. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walifuatilia kilichotokea. Shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipandisha alama, lakini baadhi ya wanafunzi waliondolewa njiani wasifike kwenye mtihani. Kwa wastani wa alama, mtoto aliyekosekana hapunguzi kitu. Kinyume chake, kama alikuwa dhaifu, kukosekana kwake kunaupandisha.

Basi kwa kila shule weka safu mbili: waliofanya upimaji wa Darasa la Nne, na waliofanya mtihani wa Darasa la Saba miaka mitatu baadaye, ambao ni kundi lilelile. Tuseme 180 walifanya mwaka 2021 na 121 wakafanya mwaka 2024. Hamsini na tisa wako wapi? Inawezekana wamehama kwa sababu shule mpya imefunguliwa jirani. Bofya shule hiyo jirani uone kama idadi yake imepanda. Inawezekana familia zimehamishwa na mafuriko au na ujenzi wa barabara. Inawezekana wamekariri darasa, au wako sokoni wanauza karanga. Ramani haijui. Ila imekupa shule ya kutembelea, na imekupa swali la kumuuliza mwalimu mkuu kwa heshima. Shule ambayo wastani wake umepanda huku watahiniwa wakipungua hivyo, usiipongeze kabla hujafika.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoithamini kuliko zote: tazama hatua waliyopiga, si mahali walipofika. Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani kina ramani ya kubofya ya shule za nchi hiyo, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2019. Sean Reardon na wenzake waliamua kutenganisha mambo matatu: wastani wa alama, kasi ya kujifunza mwaka hadi mwaka, na mwelekeo wa alama kwa miaka. Walichokiona ni kwamba wastani unaandamana sana na hali ya uchumi wa familia, lakini kasi ya kujifunza haiandamani nayo kwa nguvu hiyo. Watoto wa Chicago, kwa mfano, walianza darasa la tatu wakiwa nyuma ya nchi, kisha kati ya darasa la tatu na la nane wakapata mafunzo ya miaka sita ndani ya miaka mitano. Orodha ya wastani ingeipuuza Chicago.

Nasi tunaweza kufanya hesabu ya karibu na hiyo. Chukua wastani wa shule kwa Darasa la Nne, toa wastani wa halmashauri wa mtihani huohuo. Fanya vivyo hivyo kwa Darasa la Saba la kundi hilo miaka mitatu baadaye. Shule iliyokuwa chini ya halmashauri kwa alama 30 na sasa iko chini kwa 10 imewabeba watoto wake, ingawa bado iko chini kwenye orodha. Shule iliyokuwa juu kwa 30 na sasa iko juu kwa 12 imewapoteza, ingawa inapewa vyeti. Ukiwa na Excel, gawanya kila tofauti kwa mtawanyiko wa alama za shule za mwaka huo, kwa kanuni ya STDEV, ili mitihani miwili isiyolingana ugumu ilinganishwe kwa haki. Na isome safu hii sambamba na ile ya watahiniwa, maana hatua kubwa iliyopatikana kwa kupungukiwa na watoto si hatua. Kisha paka ramani rangi kwa kipimo hiki. Utaona jiji jingine kabisa, na utaona shule za Gongo la Mboto au Mbande ambazo zinastahili kuigwa na hakuna aliyewahi kuzitembelea kwa nia hiyo.

Shule ndogo zitazame kwa tahadhari. Yenye watahiniwa 18 inaweza kuruka alama 20 kwa sababu ya watoto watatu tu. Tumia wastani wa miaka mitatu, au ifiche nukta yoyote yenye watahiniwa chini ya 30 mpaka uwe na sababu ya kuiangalia.

Kwa sekondari kuna mtego mwingine: nukta ya shule si mahali wanapoishi wanafunzi. Azania, Jangwani, Zanaki na Kisutu ziko katikati ya jiji, lakini watoto wake wanatoka pande zote. Matokeo yao hayasemi lolote kuhusu mitaa ya Upanga. Shule za kata ndizo zinazoakisi zaidi eneo lao, na hata huko ongeza tabaka la barabara. Umbali wa mstari mnyoofu unadanganya sana Dar es Salaam. Kigamboni na Kivukoni zinatazamana, lakini katikati kuna maji na mtoto anategemea kivuko. Bonde la Msimbazi likijaa, njia ya Jangwani inafungwa na kilomita mbili zinageuka kuwa safari ya asubuhi nzima. QGIS inaweza kupima umbali kwa kufuata barabara, tumia hiyo.

Weka rasilimali juu ya matokeo

Ukishapata kundi la shule zinazorudi nyuma, washa matabaka ya rasilimali moja baada ya jingine. Vigezo vya kitaifa unavyo: mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule za msingi, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Usitafute tabaka linalolingana na dhana uliyokuja nayo. Andika kwanza unachotarajia kukiona, kisha washa. Mara kadhaa nimetarajia upungufu wa walimu nikakuta walimu wanatosha kwa hesabu, ila wa Hisabati hakuna, au wanatosha na vyumba ndivyo havipo, hivyo walimu wanapokezana madarasa kwa zamu. Ukipeleka mwalimu mpya mahali panapohitaji chumba, umeongeza mtu wa kukaa ofisini.

Nenda ukaone, kisha ndipo uwasilishe

Chagua shule sita: tatu zinazorudi nyuma na tatu zilizopanda katika mazingira yanayofanana. Nenda mwenyewe, mpitie afisa elimu kata kwanza, kaa na mwalimu mkuu, uliza bila kumwekea karatasi ya alama mbele. Unachokisikia kiandike kwenye dirisha la shule hiyo kwenye ramani: "daraja la miguu lilisombwa Aprili", "walimu wawili wa Sayansi wamehamishwa, nafasi zao hazijajazwa".

Kwenye kikao, usifungue ramani nzima. Fungua kata moja. Diwani atakuuliza, na ana haki, "Kwangu kukoje?" Mjibu: "Mheshimiwa, kwako kuna shule tano za serikali, mbili watoto wanapanda, moja inapoteza watahiniwa, na hii hapa ndiyo tunayoomba chumba." Mpe kipanya abofye mwenyewe. Nimeona madiwani wakisahihisha mahali pa shule, wakitaja mto usioonekana kwenye ramani, wakibishana na namba na kuwa sahihi.

Orodha ya nafasi usiitengeneze, hata ukiombwa. Baraza la Mitihani lenyewe mwanzoni mwa 2023 liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora. Jina la mtoto, namba yake ya mtihani au alama zake binafsi zisiingie kwenye faili la ramani hata kwa muda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na hata kabla yake hilo halikuwa jambo la kufanyia watoto. Ukigawa madaraja kwa jinsia katika shule ndogo, hakikisha hakuna kisanduku kinachobaki na mtoto mmoja anayetambulika mtaani kwake.

Kikao kikiisha, rudi kwenye jedwali lako uongeze safu tatu upande wa kulia kabisa: kilichoamuliwa, tarehe, na aliyekabidhiwa. Zijaze siku hiyohiyo, shule kwa shule, hata pale ambapo uamuzi ni "tusubiri". Mwakani, matokeo mapya yakitoka, hizo ndizo safu za kwanza kuziwasha kwenye ramani.